Mdomo wa Mzee

"Mdomo yupo?"

Mteja aliuliza hivyo akiwa amesimama mbele ya Mzee mwenyewe, fundi wa makochi, ambaye karakana ilikuwa yake na jibu alilolitaka mteja lilikuwa kichwani mwake. Mzee alimtazama. Upande mmoja wa uso wake ulikunja ndita. Ule mwingine ulibaki umetulia, kama ulivyotulia tangu siku kiharusi kilipompitia.

"Nipo, mama," binti yake aliitika kutoka nyuma ya rundo la sponji, akatoka akijipangusa vumbi mikononi.

"Mwambie mzee wako kochi langu linabonyea hapa katikati. Mtu akikaa, anazama. Juzi mgeni wangu mmoja ilibidi tumnyanyue watu wawili."

"Anakusikia, mama."

"Najua, lakini mwambie."

Mzee hakungoja kuambiwa. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akabonyeza kochi hapa na pale, akatega sikio kama daktari. Kisha akasema polepole, maneno yakimtoka kama yametafunwa kwanza: "Si sponji. Mkanda wa chini umeyegea."

"Anasema sponji yako nzima," binti alieleza. "Ni mkanda wa chini umelegea. Ukikazwa, kochi litakuwa sawa. Usiingie gharama ya sponji mpya."

"Yeta nyundo," Mzee akamwambia kijana wake.

Kijana, aliyekuwa ameinama kwenye mashine ya kushonea, alimtazama dada yake. "Anataka yai?"

"Nyundo, Kaka! Leta nyundo! Yai la nini asubuhi yote hii?"

Mteja akacheka, na Kaka akacheka kwa aibu. Mzee hakucheka. Aligeuza uso akatazama ukuta ulioning'inizwa mikasi.

Ndivyo kazi ilivyokwenda siku zile. Mzee alikuwa kichwa, Kaka alikuwa mikono, na binti, ambaye shuleni walimu walikuwa wakimlazimisha kunyoosha kidole, sasa mtaa mzima ulimwita Mdomo. Alimwelewa baba yake hata akizungumza na kijiko kinywani. Mzee akisema "yeo", yeye alisema leo; Mzee akisema "kesho kutwa" kwa namna ambayo wengine walidhani anakohoa, yeye alimwambia mteja arudi keshokutwa. Bila yeye karakana ingekuwa imekalia kuti kavu, na kila mtu nyumbani aliyajua hayo, yeye akiwa wa kwanza.

Tabu ni kwamba chuo nacho kilikuwa kinamwita.

Alikuwa amepata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi, kazi aliyoitamani tangu alipowaona wapimaji wakipita mtaani na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakichungulia mbali na kupigiana kelele za namba. Baba alipougua, aliomba nafasi isogezwe mbele, wakamsogezea. Sasa walikuwa wamempigia simu: safari hii hakuna kusogeza. Wanataka jibu kabla juma halijaisha.

Jumapili, akimshikia baba yake kikombe cha chai, alijikaza akasema.

"Baba, chuo wamepiga. Wananitaka. Nifanyeje?"

Mzee alikunywa funda moja. Chai ilimchuruzika kidogo pembeni ya mdomo, binti akampangusa. Hatimaye Mzee akasema, "Shauri yako," akaegemeza kichwa, akafumba macho.

Shangazi, dada yake Mzee, aliyehamia pale nyumbani tangu mama wa watoto alipofariki, alikuwa anakunja nguo. Aliiacha nguo ikaanguka.

"Umemsikia mwenyewe! Mimi nilikuwa sisemi, leo kasema mwenye mtoto. Shauri yako! Baba mzazi akifika hapo, amenawa mikono. Haya, nenda tukuone."

Neno hilo kila aliyelelewa analijua. Mtoto akikataa sweta, shauri yako. Akipanda ukuta, shauri yako. Maana yake ukianguka usije kwangu kulia. Binti alilimeza kama lilivyo. Tangu siku hiyo aliendelea kutafsiri ya mikanda na ya misumari, lakini hilo moja hakumrudia baba yake kumuuliza, na Mzee, kila alipomtazama, aliona uso uliofungwa.

*

Ni Shangazi aliyempeleka kwa mshauri. Katika hospitali ambako Mzee alikuwa akifanyishwa mazoezi ya mkono kulikuwa na chumba cha ushauri, na ndani yake mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, ambaye watu wa benchi la nje walimwita Mama Usimjibie. Sababu ya jina hilo Shangazi aliijua kabla hajakaa vizuri.

"Karibuni. Binti, hujambo? Umekuja kwa jambo gani?"

"Nimemleta umweke sawa," Shangazi alisema. "Huyu mtoto tunampenda, ila ana kichwa kigumu. Baba yake..."

"Usimjibie, dada yangu."

"Simjibii, nakueleza."

"Nimemuuliza yeye."

"Mwenyewe hataeleza vizuri! Atakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Basi acha anipake," mshauri alisema kwa upole. "Nitakuomba utusubiri nje kidogo. Benchi lile la dirishani lina upepo mzuri."

Shangazi alitoka akiburuta kandambili zake ili wajue ameudhika. Mlango ulipofungwa, mshauri alivuta kiti chake kikaja upande huu wa meza. Lilikuwa kochi la mtu mmoja, limechanika mikononi, sponji ikichungulia. Binti alilitazama kwa jicho la fundi, akajizuia.

"Kabla hujaniambia neno," mshauri alisema, "nikueleze ninavyofanya kazi. Utakayosema yatabaki hapa, labda uniambie unataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Hapo nitatafuta msaada na nitakuambia kwamba natafuta. Shangazi yako akiniuliza, sitamwambia. Akija baba yako akaniambia yake, na wewe sitakuambia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeikumbuka mwishoni, lakini imefika."

Binti akacheka, na kicheko kikamfungulia njia. Alieleza yote, ya karakana na ya chuo. Alipofika kwa baba yake, sauti ilipungua.

"Kuna asubuhi naamka namkasirikia. Hakunikosea kitu. Namkasirikia kwa kuugua. Mtu wa namna gani hukasirikia ugonjwa wa baba yake?"

"Mtu aliyechoka," mshauri alisema. "Tena anayempenda. Asiyempenda angekuwa ameshaondoka, wala asingeamka na hasira."

Binti alipangusa macho kwa kiganja. "Sasa niambie, mama. Niende au nibaki?"

"Sijui."

"Wewe si mshauri?"

"Ndiyo."

"Basi nishauri!"

Mama Usimjibie alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la nguo. Ulikuwa ndio wakati wa kazi yake aliouogopa kuliko wote, kwa sababu jibu lilikuwa tayari limemkaa ulimini. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto, na alikuwa na maoni yake. Akayameza.

"Watu wakija hapa wanataka niwe hakimu, na nisipohukumu wanaona wamepoteza nauli. Lakini sikiliza. Nikikuambia nenda, siku masomo yatakapokushinda utasema aliyenipeleka ni yule mama. Nikikuambia baki, kila kochi utakalolishona utaniona mimi nimelikalia. Na unavyoniona nilivyo, utashona kwa tabu."

Binti alicheka tena, safari hii huku analia.

"Baba yako mwenyewe alisemaje?"

"Alisema shauri yako."

"Akamaanisha nini?"

"Shauri yako ina maana ngapi, mama?"

"Sijui, sikuwapo. Kwa kawaida nani anatafsiri maneno ya baba yako?"

"Mimi."

"Na siku hiyo?"

"Mimi huyohuyo."

"Mkalimani wa mahakama, siku kesi ikiwa yake, hukaa pembeni wakatafuta mwingine. Hakuna anayemshuku. Ni kwamba masikio yake siku hiyo yana woga. Ukikubali, na baba yako akikubali, ningependa nimsikie mwenyewe. Sitamwambia ya hasira zako. Nitamuuliza yake tu."

Binti alikubali. Nje, Shangazi alimdaka mshauri mlangoni kabla hata binti hajapita.

"Eeh, amesemaje?"

"Mwenyewe huyo hapo, muulize, akipenda atakueleza."

"Mimi ndiye niliyemleta!"

"Na umefanya vema kumleta."

Shangazi alichungulia ndani, akaliona lile kochi. Akashusha sauti, akatabasamu kwa upande mmoja. "Mama, kochi lako limekufa. Sisi nyumbani ni mafundi. Tungekutengenezea, bure kabisa, kitambaa kizuri kabisa. Wewe mwambie tu mtoto ukweli kwamba kwao wanamhitaji."

"Limekufa, ni kweli," mshauri alisema. "Lakini nikilipeleka kwenu nitalipeleka kwa bei ya mteja, na baada ya mambo haya kwisha. Vinginevyo kila nikikaa litakuwa linaninong'oneza."

Shangazi alikunja midomo. Karibu na nyumbani alisimama ghafla, akasema kama anayejisemea: "Mwanamke yule hanunuliki. Sijawahi kuona." Na haikusikika kama lawama.

*

Siku ya Mzee karakana ilifungwa. Shangazi alimfunga vifungo vya shati safi, Kaka akamshika mkono, wakaingia wote wanne katika chumba cha ushauri na kukijaza.

Mshauri alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribiana na ya Mzee. "Shikamoo, mzee."

Mzee aliitikia. Mshauri alimweleza maneno yaleyale aliyomweleza binti, bila kuyafupisha na bila kupaza sauti, maana wengi humpigia kelele mtu mwenye kiharusi kama vile masikio ndiyo yaliyougua. Kisha akawageukia wengine.

"Leo nawaomba kitu kigumu. Mzee akizungumza, asimjibie mtu. Hata mimi nikikosea kumsikia, mniache nikosee. Yeye mwenyewe atanisahihisha."

"Tutakaa hapa mpaka kesho," Kaka alinong'ona.

"Nimekuja na chai," mshauri akamjibu. "Mzee, binti yako amepata nafasi ya chuo. Wewe unataka nini?"

Mzee alianza. Neno la kwanza lilikwama. Mate yalimponyoka yakashuka kidevuni, na Shangazi alinyanyuka na leso, lakini Mzee akainua kiganja, akaitoa leso yake mwenyewe mfukoni kwa mkono wa kushoto, akajipangusa, akaikunja, akairudisha. Ilichukua muda. Binti alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Nataka... akae."

"Nimekusikia. Unataka akae."

"Akae nami. Ninaogopa."

"Unaogopa." Mshauri aliliacha neno hilo litulie. "Unaogopa nini, mzee?"

Akasema kitu kirefu. Mshauri aliinamisha sikio, akatikisa kichwa. "Sijakuelewa, mzee. Tafadhali rudia."

Kaka aliangalia sakafu, akingoja baba yake alipuke. Mzee alirudia. Mshauri akashika neno moja tu, akaomba tena. Mzee alirudia mara nyingine, na hasira haikuonekana popote usoni mwake. Kilichoonekana ni bidii, kama ya mtu anayekaza mkanda mkavu.

"Hawa... hawaniambii rudia. Wanamwita yeye. Akienda... nitakuwa kama kiti."

Shangazi alishusha leso mapajani.

"Baba," Kaka alisema, "mimi nilidhani nikikwambia rudia nitakuwa nimekuvunjia heshima."

"Rudia si tusi," Mzee alisema. Hilo Kaka alilielewa mara moja, bila kurudiwa.

Mshauri akauliza, "Mzee, binti yako alipokuuliza nyumbani, ulimjibu nini?"

"Shauri yako."

"Unaona!" Shangazi alishindwa kujizuia.

"Dada yangu."

"Nimenyamaza."

"Mzee, neno hilo wengi hulitumia wakikasirika. Ulimaanisha umemnawia mikono? Aende, akipatwa na lolote asikurudie?"

Mzee alishtuka. Alimtazama binti yake, akamtazama dada yake, na polepole akaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia. Akagonga mkono wa kiti. "Hapana! Shauri... yako. Shauri... yako!" Alijaribu tena na tena, ulimi ukipanda na kushuka mahali palepale, ukishindwa, mishipa ya shingo ikimsimama. Mshauri hakuelewa, naye hakujifanya ameelewa. Binti, nyuma ya viganja vyake, alikuwa ameelewa, na macho yalimtoka. Lakini alikuwa ameombwa asijibu, akajiuma.

Mzee aliacha kupigana. Alifumba macho, akapumua, akawa kama fundi anayetafuta kifaa kingine baada ya cha kwanza kukataa. Akafumbua macho.

"Uamuzi," alisema. "Uamuzi... ni wake."

Sasa hata ukuta ulielewa. Tangu kiharusi, ulimi wa Mzee ulikuwa umeipoteza herufi moja, na binti ndiye aliyemrudishia kila siku: yeo akaifanya leo, yeta akaifanya leta, umeyegea akaifanya umelegea. Wateja wote waliipata ile herufi kutoka kwake. Siku alipoambiwa na baba yake kwamba shauri ni lako, hakuitia.

"Shauri lako," binti alisema kwa sauti ya chini, akitoa mikono usoni. "Baba, ulisema shauri *lako*."

"Niyisema," Mzee akajibu, kama mtu aliyechoka kusubiri.

Shangazi alianza kulia kwa kwikwi, akisema ni vumbi. Kaka alimpa leso ileile ambayo Shangazi alikuwa ameisahau mapajani mwake.

Mshauri hakuwaacha waondoke na nusu ya jambo. "Binti, umemsikia baba yako. Anataka ukae. Na anasema uamuzi ni wako. Yote mawili ni ya kweli, na mimi sina ruhusa ya kukufutia moja ili lingine likuwie jepesi. Ukitaka tuzungumze wawili kabla hujajibu, mlango upo wazi."

"Bado hujaniambia niende au nibaki," binti alisema.

"Na sitakuambia."

Safari hii binti hakudai. Alimtazama yule mama mnene na uzi wake sikioni, akaona ni kazi ngumu kiasi gani kukaa karibu na mtu hivyo na kutomsukuma.

*

Alirudi kwa mshauri peke yake mara moja zaidi. Walilozungumza halijulikani na mtu, maana Shangazi aliuliza akaambiwa amuulize mwenyewe, akamuuliza mwenyewe, akaambiwa, "Shangazi, hilo niachie," na akaliacha.

Ijumaa asubuhi karakana ilikuwa wazi. Kaka alikuwa anakata kitambaa, Mzee ameketi mahali pake, chaki mkononi. Binti alikuja akachuchumaa mbele ya baba yake, si pembeni kama alivyozoea alipokuwa akitafsiri.

"Baba. Nimewapigia chuo. Nimewaambia nakwenda."

Mzee alimtazama. Ule upande wa uso uliokuwa mzima ulitikisika, na chozi moja likamshuka upande ule mwingine, ambao hakuweza kuuzuia. Binti hakulipangusa. Alimwachia mwenyewe.

"Najua ulitaka nikae. Nitarudi likizo zote. Lakini sikuja kukuomba unisamehe, nimekuja kukuambia."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema kitu kifupi, na binti, kwa mara ya kwanza tangu baba yake augue, hakukishika. Masikio yake yalikuwa yamejiandaa kwa lawama, na kilichokuja hakikuwa na umbo hilo.

"Sijaelewa, Baba. Rudia."

"Koti," Mzee alisema. "Una koti? Huko baridi."

Binti aliweka paji la uso kwenye goti la baba yake, akakaa hivyo. "Sina, Baba."

Mzee alimgeukia kijana wake, akaongea. Binti aliinua kichwa, maneno yakiwa tayari kinywani, akayabana kwa meno.

"Sijasikia, Baba," Kaka alisema akisogea. "Rudia." Akainama zaidi. "Kitambaa? Kitambaa gani? Rudia tena. Kizito... kizito cha kijivu!" Alinyooka kama aliyeshinda mchezo, kisha akashika kiuno. "Baba, kile ni cha makochi! Umshonee mtoto koti la kitambaa cha kochi? Huko chuoni watu si watamkalia?"

Mzee alisema neno, akalisindikiza kwa kidole. Kaka aliinama akaomba tena, Mzee akarudia, na Kaka akaangua kicheko mpaka akaegemea mashine. Mzee naye alikuwa anacheka, mabega yakimtetemeka.

"Kasemaje?" binti aliuliza akiwatazama wote wawili. Hakuwa amepata hata neno moja. "Kaka, kasemaje?"

Kaka alipangusa macho, akachukua mkasi.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Yupo hapo."